Msitu, Pori na Shamba: Historia ya Biashara ya Miti Kutoka Pwani ya Kusini Hadi Uwanda wa Makonde

Kiswahili kina maneno mengi ya kutajia mahali penye miti na majani. Kuna msitu, ambao ni miti mingi iliyosongamana. Kuna mwitu, neno ambalo siku hizi husikika zaidi katika kusifu mnyama au mmea usiofugwa. Kuna kichaka, kuna nyika, na kuna pori. Upande wa pili liko shamba, pamoja na konde, yaani ardhi iliyolimwa. Mtu akiyapanga maneno haya kwa uangalifu ataona kwamba si ya namna moja. Msitu na kichaka hutaja mimea yenyewe. Pori na shamba hutaja jambo jingine, nalo ni uhusiano uliopo baina ya ardhi na watu. Mahali pamoja, penye miti ile ile, paweza kuitwa pori na mpita njia, na kuitwa shamba la babu lililopumzishwa na mtu aliyezaliwa pale.

Historia ya biashara kubwa ya miti katika kusini ya Tanzania, tangu delta ya Rufiji mpaka bonde la Ruvuma, kwa sehemu kubwa ni historia ya majina hayo. Swali lililorudi kila zama lilikuwa moja: ni nani mwenye haki ya kutamka kwamba mahali fulani ni pori? Serikali tatu mbalimbali zililijibu swali hilo kwa sheria, makampuni yakalijibu kwa msumeno, na wakulima wakalijibu kwa kupanda miti yao wenyewe. Makala hii yataka kuonyesha jinsi majibu hayo yalivyofuatana, na kwa nini jibu la wakulima lilidumu kuliko mengine.

Mahali panapofaa kulitazamia jambo hili ni nchi iliyopo kati ya Masasi na Newala, iliko kata ya Chiungutwa. Hapo nyanda za Masasi zenye majabali makubwa hukutana na uwanda wa Makonde, na hapo pia Wamakonde, Wamakua na Wayao wamekaa kwa ujirani wa siku nyingi. Majina ya nchi yenyewe hushuhudia lugha za watu wake: Chiungutwa, Chiwata, Chikundi na Chilangala yote huanza kwa kiambishi chi-, ambacho katika Kimakonde na Kiyao hushika nafasi ya ki- ya Kiswahili.

I. Ardhi ipumzikayo

Uwanda wa Makonde huinuka polepole kutoka pwani ya Mtwara na Mikindani, na upande wa magharibi, karibu na Newala, hukatika ghafula kwa mteremko mkali. Udongo wake ni wa mchanga, nao hunywa mvua upesi, hata juu ya uwanda hapana mito ya kudumu. Kwa vizazi vingi wanawake waliteremka mabondeni kuteka maji, wakayapandisha kwa kichwa. Mradi mkubwa wa kuyapandisha maji kwa mitambo ulianza katika miaka ya 1950 tu.

Watu walikaa juu, mbali na maji, kwa sababu mbili. Sababu ya kwanza ilikuwa usalama. Katika karne ya 19, wakati wa vita na biashara ya watumwa, kichaka kinene cha uwanda kilikuwa boma ambalo adui hakuweza kulipenya kwa urahisi. Sababu ya pili ilikuwa kilimo. Mkulima alifyeka kipande cha kichaka, akachoma matawi, akapanda mtama, mahindi, muhogo na kunde kwa miaka michache. Ardhi ilipochoka aliiacha, akafyeka mahali pengine. Ile iliyoachwa haikutupwa. Visiki vilichipuka, majani yakaoza chini, na baada ya miaka mingi rutuba ikarudi. Kwa desturi, aliyefyeka kwanza, au ukoo wake, ndiye aliyekuwa na neno la kwanza juu ya kichaka hicho kilipokomaa tena.

Karl Weule, mstadi wa Kijerumani wa mila na desturi, alipita Masasi, Newala na Mahuta mwaka 1906. Alieleza jinsi msitu wa asili ulivyokwisha kutoweka juu ya uwanda na kichaka kinene kuota mahali palipolimwa zamani. Miaka 39 baadaye, katika mwaka 1945, Clement Gillman, mhandisi na mwanajiografia aliyekaa Tanganyika muda mrefu, aliandika makala maalumu juu ya kilimo hicho cha kupumzisha ardhi kwa kichaka.

Hapo ndipo ulipo mzizi wa mambo yote yatakayofuata. Katika kilimo cha namna hii sehemu kubwa ya mali ya mkulima, kwa wakati wowote ule, huonekana kama pori. Shamba la mwaka huu ni dogo. Mashamba ya miaka 10 au 20 ijayo yamesimama pembeni yake yakiwa na miti. Mgeni apitaye huona kidogo kilicholimwa na kingi kilicho bure. Mwenyeji huona mzunguko mmoja.

II. Mazao ya msitu kabla ya msumeno

Isidhaniwe kwamba biashara ya mazao ya miti ililetwa na Wazungu. Pwani ya Afrika ya Mashariki iliuza boriti za mikoko Arabuni na katika Ghuba kwa karne nyingi, na delta ya Rufiji ilikuwa moja ya ghala zake kubwa. Lugha ya biashara hiyo ilikuwa na vipimo vyake: fito zilizo nyembamba, kisha pau, kisha boriti, kisha nguzo. Miti yenyewe pia ilitofautishwa kwa uangalifu, mkoko, mkandaa, msinzi, mchu, mlilana na mkomafi, kila mmoja kwa kazi yake. Msamiati huu ulikuwa wa watu waliojua kuchagua mti kabla ya kuukata.

Zao la pili lilikuwa sandarusi. Utomvu wa mti wa msandarusi uliozama ardhini zamani za kale ulichimbwa katika nchi zilizo karibu na pwani, ukapelekwa Unguja, na kutoka huko ukauzwa Salem katika Marekani na katika bandari za Ulaya, ambako ulitengenezwa vanishi. Richard Burton, ambaye kitabu chake juu ya safari ya maziwa makuu kilitoka mwaka 1860, alieleza jinsi wafanyabiashara walivyotofautisha sandarusi iliyokomaa ardhini na ile mbichi ya mtini, iliyoitwa chakazi. Masikio ya wageni yalilipokea neno chakazi kama jina la Kiingereza la punda, nao wakaiita sandarusi hiyo kwa jina hilo katika hesabu zao. Ni mfano mdogo, lakini wafaa kukumbukwa: mali ilisafiri salama, na elimu iliyokuwa ndani ya jina lake ikaharibika njiani.

Zao la tatu lilikuwa mpira wa mwitu. Tangu miaka ya 1870 utomvu wa mitambaazi ya jamii ya Landolphia, ambayo tunda la baadhi yake ndilo mbungo wa watu wa pwani, ulitafutwa kwa bidii katika nchi zilizo nyuma ya Kilwa, Lindi na Mikindani, na uwanda wa Makonde ulikuwa moja ya nchi hizo.

Biashara hizi hazikuwa za upole. Kazi nyingi zilifanywa na watumwa, na mitambaazi ya mpira mara nyingi ilikatwa mpaka ikafa. Hata hivyo zilikuwa na sifa moja: hazikumpokonya mwenyeji jina la mwenye nchi. Mnunuzi wa pwani alinunua kitu kilichotoka msituni. Hakuununua msitu, wala hakudai kwamba hauna mwenyewe.

III. Amri ya mwaka 1895

Dai hilo lilikuja na utawala wa Wajerumani. Tarehe 26 Novemba 1895 ilitolewa amri kwamba ardhi yote ya Afrika ya Mashariki ya Kijerumani isiyo na mwenyewe ni mali ya Dola. Kwa maneno hayo machache hali ya mambo iligeuzwa. Tangu hapo haikuwa kazi ya mgeni kuthibitisha kwamba pori ni lake. Ilikuwa kazi ya mwenyeji kuthibitisha kwamba pori si pori. Aliyekuwa na mhogo shambani aliweza kuonyesha mhogo. Aliyekuwa na kichaka cha miaka 15 aliweza kuonyesha nini?

Hapa elimu ya maneno yaweza kusaidia. Wajerumani hutofautisha Wald, yaani msitu kwa jumla, na Forst, yaani msitu uliopimwa, ukahesabiwa miti yake na kuwekewa zamu za kukatwa na kupandwa. Neno Forst, na forest la Waingereza, yote mawili yametoka katika Kilatini cha zama za kati, ambamo yalitaja nchi iliyotengwa na mfalme kwa uwindaji wake. Asili ya neno hilo basi si miti. Asili yake ni amri. Misitu mingine ya kifalme ilikuwa na mabonde matupu na hata vijiji ndani yake, na iliitwa hivyo kwa sababu sheria ya mfalme ilikwisha kuizunguka. Maofisa waliokuja Afrika ya Mashariki na elimu ya misitu walileta pamoja nayo maana hiyo ya kale.

Walianzia mahali palipokuwa na biashara tayari. Mwaka 1898 kazi ya misitu ya serikali iliwekwa katika delta ya Rufiji, ili mikoko ikatwe kwa utaratibu na kutozwa ushuru. Magome yake yalitakiwa Ulaya kwa kutengenezea ngozi. Mwaka huo huo msaji uliletwa kutoka Bara Hindi ukapandwa Dar es Salaam na Mohoro. Jina msaji, ambalo Waswahili walilichukua kutoka kwa Waarabu, lilikuwa limefika pwani pamoja na mbao za majahazi kabla ya mti wenyewe. Mwaka 1902 chuo cha utafiti wa mimea na kilimo kilifunguliwa Amani katika Usambara. Mwaka 1904 ikatoka amri ya kulinda misitu, iliyowezesha serikali kutenga maeneo na kuwakataza watu kulima, kuchoma na kukata humo.

Mwaka uliofuata, Julai 1905, vita vya Maji Maji vilianza katika milima ya Matumbi, nyuma ya Kilwa, na mwaka huo huo vilifika Masasi, ambako misheni ya Kiingereza iliyoanzishwa mwaka 1876 na Askofu Edward Steere, yule mwandishi wa sarufi ya Kiswahili, ilichomwa moto. Wanahistoria wamezoea kutaja kilimo cha pamba cha kulazimishwa kuwa chanzo cha vita hivyo, na ni kweli kilikuwa chanzo kikubwa. Thaddeus Sunseri, katika kitabu chake Wielding the Ax kilichotoka mwaka 2009 na katika makala zilizokitangulia, ameonyesha kwamba amri za misitu nazo zilikuwa miongoni mwa mambo yaliyowakera watu wa kusini na pwani. Hoja hiyo ina nguvu ukiitazama kutoka shambani. Pamba ilimtaka mkulima kazi yake ya mwaka huu. Hifadhi ya msitu ilimnyang'anya shamba lake la miaka ijayo.

IV. Waingereza, karanga na mvule wa Rondo

Waingereza walipoichukua Tanganyika baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia hawakuziacha hifadhi za Wajerumani. Walianzisha Idara ya Misitu, wakatunga sheria ya misitu mwaka 1921. Sheria ya ardhi ya mwaka 1923 iliiweka ardhi ya nchi nzima chini ya usimamizi wa Gavana, na mwaka 1928 ikarekebishwa ili itambue haki ya wenyeji wanaokaa juu ya ardhi kwa desturi zao. Marekebisho hayo yalikuwa na faida, lakini neno lenye uzito lilibaki kuwa kukaa. Kwa ofisa wa wilaya kukaa ni nyumba na shamba lililolimwa.

Katika nchi hii misitu iliyohifadhiwa ilikuwa hasa ile ya miteremko ya uwanda, kwa ajili ya kulinda udongo na chemchemi za mabondeni. Sababu hiyo haikuwa mbaya. Maji ya chini ya mteremko ndiyo uhai wa watu wa juu, na mteremko ukifyekwa udongo huporomoka. Juu ya uwanda wenyewe hapakuwa na faida kubwa kwa mpasua mbao, kwani kichaka kilichokatwa na kuota mara nyingi hakitoi magogo. Hivyo kilimo ambacho maofisa wengi walikihesabu kuwa ni uharibifu ndicho kilichouweka uwanda mbali na njia ya msumeno mkubwa.

Msumeno huo ulikwenda Rondo. Uwanda wa Rondo, katika nchi ya Wamwera magharibi ya Lindi, ulikuwa na msitu mrefu wenye mivule mikubwa. Mvule ni mti uliopendwa na maseremala wa pwani kwa sababu ubao wake haupindi upesi wala hauliwi na mchwa. Wapasuaji wa kienyeji waliupasua kwa kuliweka gogo juu ya shimo, mtu mmoja akasimama juu na mwenzake chini, wakavuta msumeno kwa zamu. Kazi hiyo ilikwenda taratibu, mti mmoja mmoja.

Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianza mradi wa karanga katika Kongwa, Urambo na Nachingwea. Vita vya Pili vya Dunia vilikuwa vimeacha upungufu wa mafuta ya kula, na wakubwa wa London waliamini kwamba trekta zingeweza kuyageuza mapori ya Tanganyika kuwa mashamba kwa miaka michache. Katika Jimbo la Kusini ilijengwa reli kuelekea Nachingwea na bandari mpya ya maji marefu Mtwara, iliyofunguliwa mwaka 1954. Katika zama hizo hizo kampuni ya Steel Brothers, iliyokuwa na uzoefu wa kuvuna msaji katika Burma, ambayo leo ni Myanmar, ilipewa ruhusa ya kukata mvule wa Rondo na kuupasua kwa mashine. Kwa mara ya kwanza kusini ikawa na biashara ya mbao iliyokuwa kiwanda hasa, yenye trekta, barabara za magogo, misumeno ya mashine na vibarua wa mshahara.

Mradi wa karanga ulivunjwa mwaka 1951, baada ya kupoteza pauni milioni 36 hivi. Mvua haikutosha, udongo ulikuwa mgumu, mizizi ya pori ilivunja mashine. Reli ilifungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960 na kung'olewa. Rondo nayo ilionyesha ugumu wa namna nyingine. Mvule hukatwa upesi, lakini haurudi upesi. Miche yake hushambuliwa na mdudu aitwaye Phytolyma, ambaye huvimbisha majani na machipukizi mpaka mche ukadumaa. Kwa hiyo waliotaka kupanda upya walielekea kwenye miti ya kigeni, msaji na misonobari, inayoota kwa mistari na kukomaa kwa hesabu.

Lugha iliandika mabadiliko hayo kwa njia yake. Katika Kiswahili mti usimamao huwa katika ngeli ya M-/MI-: mvule, mivule. Ukianguka huitwa gogo, ukaingia katika ngeli nyingine, na ukipasuliwa huwa ubao, wingi mbao, ngeli ya tatu. Seremala huyajua majina yote matatu. Hesabu ya kiwanda huanza kwenye gogo, na kile kilichokuwapo kabla ya gogo hakina safu katika daftari lake.

V. Mkorosho, jibu la wakulima

Wakati serikali ikipanda misaji Rondo, watu wa Newala na Masasi walikuwa wakipanda mti mwingine bila kuitwa watu wa misitu. Mkorosho uliletwa pwani na Wareno kutoka Brazil; jina lake la pili, mkanju, bado lina sauti ya Kireno. Kwa muda mrefu ulikuwa mti wa uani na kando ya njia. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia soko la korosho ghafi lilipanuka, kwa sababu viwanda vya Bara Hindi vilizihitaji kwa kubangua, na mkorosho ukapanda uwanda wa Makonde. Mti huu haujali udongo wa mchanga, huvumilia kiangazi, na kwa miaka ya kwanza huruhusu muhogo na kunde kulimwa katikati yake.

Maelezo ya kawaida husema kwamba watu walipanda mikorosho kwa ajili ya fedha. Ni kweli, lakini haitoshi. Mkorosho ulifanya kazi ambayo kichaka hakikuweza kuifanya: ulionekana. Mahali palipokuwa pakipumzishwa kwa kichaka, pakaonekana bure, sasa palipumzishwa chini ya miti yenye mistari, yenye mwenyewe anayejulikana, inayorithishwa na kuuzwa. Hakuna ofisa aliyeweza kuliita pori shamba la mikorosho. Bila kusoma amri ya mwaka 1895, wakulima waliijibu kwa lugha inayoielewa.

Jibu hilo lilikuwa na gharama. Mzunguko wa zamani ulifupishwa, na ardhi iliyokuwa ya ukoo ikaanza kuwa ya mtu mmoja mmoja. Lakini faida yake ilikuwa kubwa mno. Katika msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna tani 145,000 za korosho, na sehemu kubwa yake ilitoka kusini. Viwanda vya kubangua vilijengwa Mtwara, Newala, Masasi na kwingineko. Ukihesabu miti iliyopandwa, vibarua waliolipwa na mizigo iliyopita bandarini, misitu ya biashara ya kusini ilikuwa hii, ingawa hakuna kitabu cha idara ya misitu kilichoitaja kwa jina hilo.

VI. Mashamba ya miti na mashamba pori

Serikali huru ilirithi sheria za misitu za kikoloni. Ile ya mwaka 1957 iliendelea kutumika hadi ilipofutwa na Sheria ya Misitu ya mwaka 2002. Mwaka 1971 liliundwa Shirika la Viwanda vya Mbao, TWICO, ili viwanda vya kupasua mbao viwe mali ya umma. Upandaji mkubwa ulifanywa nyanda za juu, hasa Sao Hill katika Mufindi. Kutokana na kazi hii Kiswahili kilipata jina shamba la miti. Kwa msitu uliopandwa jina hilo ni zuri na la haki, kwani lasema wazi kwamba mti hapo ni zao kama mahindi. Msitu umeingia katika upande wa shamba.

Kusini, katika miaka hiyo hiyo, shamba liliingia katika upande wa pori. Mkoa wa Mtwara, uliokuwa karibu na vita vya ukombozi vya Msumbiji, ulikuwa miongoni mwa mikoa iliyowahi kuwakusanya watu katika vijiji, na kufikia katikati ya miaka ya 1970 kazi hiyo ilikuwa imekwisha kufanyika nchi nzima. Familia zilizohamishwa ziliiacha mikorosho yao mbali. Palizi haikufanyika, korosho zilioza chini, moto uliingia. Bei nayo ilikuwa ndogo, na ugonjwa wa ubwiri unga ukaenea. Mavuno ya nchi yalianguka kutoka zile tani 145,000 mpaka kiasi cha tani 17,000 katika msimu wa 1986/87.

Kutokana na maafa hayo limebaki neno ambalo husikika mpaka leo katika mikutano ya korosho: mashamba pori. Kwa mtu wa kamusi maneno hayo mawili yapaswa kugombana. Kwa mkulima wa Chiungutwa au Newala hayagombani hata kidogo. Shamba pori ni shamba ambalo limeota miti na magugu, na bado lina mwenyewe. Ni maana ile ile ambayo kichaka kilichopumzishwa kilikuwa nayo tangu zamani, ila sasa imepata jina la kudumu katika Kiswahili. Kwa kuyafufua mashamba hayo, pamoja na dawa za ubwiri unga na utafiti wa kituo cha Naliendele, mavuno yalipanda tena, hata katika msimu wa 2017/18 yakapita tani 300,000.

Misitu ya asili ilipitia njia nyingine. Daraja la Mkapa juu ya mto Rufiji lilipofunguliwa mwaka 2003, malori yaliweza kufika Dar es Salaam bila kungoja kivuko. Magogo ya mninga, mkongo na mpingo yalimiminika, mengi yakielekea China. Taarifa ya shirika la TRAFFIC iliyotoka mwaka 2007 ilikadiria kwamba wilaya zilizokuwa zikikatwa miti zilipoteza hadi asilimia 96 ya mapato ambayo zingeweza kupata. Ulikuwa ni uvunaji wa pori kwa maana mbaya kabisa ya neno hilo: kila mtu alikata kama kwamba hapana mwenyewe.

Dawa iliyojaribiwa baadaye ilikuwa kumrudisha mwenyewe. Sheria ya mwaka 2002 iliviruhusu vijiji kutenga misitu yao, kuisimamia na kuuza miti yake. Angai, katika Liwale, ulikuwa miongoni mwa misitu mikubwa iliyotengwa kwa njia hiyo. Katika Kilwa vijiji viliposhirikiana na mradi wa kuhifadhi mpingo vilipata mwaka 2009 cheti cha kimataifa cha uvunaji bora, cha kwanza cha namna yake kwa misitu ya asili ya vijiji katika Afrika. Mpingo ambao Wamakonde wameufanya ujulikane duniani kwa vinyago, na ambao viwanda vya Ulaya huutengeneza klarineti na zumari, ukaanza kulipia zahanati na madarasa. Na Rondo, ambayo ilikuwa uwanja wa misumeno, sasa ina msitu uliohifadhiwa kwa ajili ya viumbe vyake, akiwamo komba mdogo aliyepewa jina la mahali hapo na wataalamu katika miaka ya 1990.

VII. Neno moja katika sheria mbili

Ingefaa kudhani kwamba ugomvi wa mwaka 1895 umekwisha. Haujakwisha. Mwaka 1999 Bunge la Tanzania lilipitisha sheria mbili za ardhi kwa pamoja. Sheria ya Ardhi, Namba 4, inapoeleza ardhi ya jumla inasema kwamba ndani yake imo pia ardhi ya kijiji isiyokaliwa au isiyotumiwa. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5, haina maneno hayo. Nayo inapoeleza ardhi ya kijiji inataja waziwazi kwamba ardhi iliyokuwa ikipumzishwa wakati wowote katika miaka 12 iliyotangulia huhesabiwa kuwa inatumiwa. Sheria ya kwanza huitazama ardhi kwa macho ya mpita njia. Ya pili huitazama kwa macho ya mwenyeji. Mwekezaji ajaye kutafuta eneo la kupanda miti au mimea ya mafuta atapata jibu moja au jingine kwa kadiri ya sheria atakayofunguliwa.

Jambo hili lawahusu wanasheria, lakini lawahusu pia watunzi wa kamusi na wafasiri. Hati nyingi za ardhi hufikiriwa kwa Kiingereza na kusomwa vijijini kwa Kiswahili. Mfasiri akiandika "pori" mahali palipoandikwa ardhi isiyotumiwa, huku mkutano wa kijiji ukifahamu pori kuwa ni shamba lililopumzika, mkutano huo huenda ukatia sahihi jambo ambalo hakuna hata mmoja aliyelikubali. Kamusi inayoeleza kwamba pori ni mahali pasipo na mtu tu, bila kuitaja ile maana ya mashamba pori inayotumiwa kusini, humwacha mfasiri huyo bila msaada.

Miaka zaidi ya 120 ya misitu ya biashara katika nchi hii imeonyesha kwamba mti ulitunzwa pale ulipokuwa na mwenyewe aliyekubaliwa na jirani zake: msimamizi wa mkoko aliyejua tofauti ya pau na boriti, ukoo uliongoja kichaka kikomae, mpandaji wa mkorosho, kijiji cha Kilwa chenye nyundo yake ya kugongea alama. Pale palipotamkwa kwamba hapana mwenyewe, mti ulikatwa na aliyewahi kufika. Uwanda wa Makonde leo una mikorosho mingi, nayo ilipandwa kwa jembe na watu ambao hakuna aliyewaita wapanda misitu.